Maji ya Ng'onda

Nina mgahawa Kibiti, meza sita na jiko la nyuma ambalo mtu haingii bila ruhusa yangu. Nasema mapema, maana sijui kujishusha: mimi napika. Madereva wa malori yanayokwenda kusini huipita migahawa mitatu wakaja kwangu, na wakila hawaongei. Nikiona hivyo roho yangu inatulia.

Mdogo wangu, niliyemlea mwenyewe mama alipofariki, alikuwa anakula kwangu kila mchana. Ni fundi cherehani, kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara. Siku aliyoambiwa na daktari kwamba presha imepanda na chumvi aiache, alikuja amenuna. "Dada, mimi na kula ndiyo basi tena." Nikamwambia, "Weee! Ukose kula mimi nikiwa hai?"

Siku ileile nikatenga sufuria ndogo, tukaiita sufuria ya wenye presha. Maharage ya nazi, siku nyingine kisamvu, na chumvi sikutia hata punje. Kopo la chumvi nililipandisha rafu ya juu, mkono usije ukajisahau. Mdogo wangu alikuwa anamaliza bakuli anaomba la pili, nami namjazia. Habari zikaenea, wazee wenye presha wakaanza kuja. Wanaonja, wananitazama. "Mama, kweli hii haina chumvi?" "Wallahi haina," nawaapia, na kwa nilivyojua mimi sikuwa nadanganya.

Chakula cha jioni alikuwa anapikiwa nyumbani na mkewe, wifi yangu. Mchicha wa kuchemsha, samaki wa kuchemsha, kipande cha ndimu pembeni. Mdogo wangu alikuwa akinisimulia hicho chakula tunacheka mpaka machozi. Nilikuwa nacheka kumshinda yeye.

Miezi ikapita, presha haishuki. Akaongezewa dawa, bado iko juu. Nikaanza kumtazama wifi kwa jicho lingine. Kwangu chumvi haipo, sasa inatoka wapi kama si kwake? Nikalisema sokoni, nikalisema msibani, nikawaambia shangazi zetu mmoja mmoja. Domo langu halina breki, nakiri. Wapo walioanza kusema yule mwanamke anammaliza mume taratibu, na mimi niliwasikia nikanyamaza.

Asubuhi moja mdogo wangu akiwa kwenye cherehani, kitambaa kikamponyoka. Alipotaka kukiokota, mkono wa kulia ukakataa kuinuka, mdomo nao ukaenda upande. Tukamkimbiza hospitali Utete, tukaambiwa ni kiharusi. Alhamdulillahi alirudi nyumbani anaongea, ingawa kwa kuvuta maneno. Mkono ulibaki umelala mapajani, mkono uleule wa kushikia mkasi.

Ndugu walipojaa pale nyumbani kumjulia hali, nikawaka. Mbele ya watu wote nikamwambia wifi, "Kesho uje jikoni kwangu ujifunze mgonjwa anavyopikiwa!" Alikuwa anakunja nguo za mumewe. Hakuinua uso. "Nitakuja, wifi," akasema. Nililala nimeridhika, na hilo ndilo linaloniaibisha mpaka leo.

Akaja kweli, asubuhi mapema, kanga kaifunga kiunoni. Pembeni kulikuwa na beseni la ng'onda, wale samaki wanaopasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa juani. Wangu huletwa kutoka Nyamisati, nami huwaroweka tangu alfajiri. Wifi akawatoa samaki, akabeba beseni kuelekea mlango wa nyuma.

"Wewe! Usiyamwage hayo maji!" nikapiga kelele.

"Ya nini tena, wifi?"

"Ya sufuria ya mumeo!"

Akasimama palepale na beseni mikononi.

Mimi nimezaliwa visiwani, huko delta. Maji ya kwetu ni ya chumvi. Maji matamu yalikuwa yanaletwa kwa mtumbwi, kwenye madumu, na ukimwaga kikombe kimoja mama anakufinya mpaka ukome. Kwa hiyo maji uliyorowekea samaki hayamwagwi. Yanapikiwa maharage, yanapikiwa mboga. Nimepika hivyo tangu nijue kushika mwiko, na hata hapa Kibiti penye bomba sikuacha. Chumvi kwangu ilikuwa ile ya kwenye kopo. Haya yalikuwa maji ya samaki, basi. Wifi yeye ni mtoto wa wakulima wa Mtawanya, na kwao maji kama hayo humwagwa nyuma ya nyumba bila kufikiriwa mara mbili.

Akachovya kidole, akaonja, akakunja uso. Kisha akaliweka beseni mbele yangu. "Onja."

Nilikuwa nimeyaonja maisha yangu yote, lakini kila mara nikitafuta utamu. Siku hiyo nilitafuta chumvi. Jamani, yaliuma ulimi! Nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi.

"Kila siku?" akaniuliza.

"Kila siku. Mabakuli mawili."

Nilingoja anitukane. Mimi ningemtukana, tena ningewaita majirani waje wasikie. Yeye akaenda akayamwaga, akasuuza beseni, akaligeuza likauke. "Twende ukawaambie wewe," akasema. "Mimi nikisema hawataniamini."

Maneno hayo yalinichoma kuliko tusi. Ni mimi niliyewafundisha watu wasimwamini.

Tukaenda. Shangazi zetu bado walikuwepo, wamekaa mkekani na mdogo wangu. Nikasema yote, nimesimama, sikuacha kitu. "Si wifi. Ni mimi na mkono wangu huu." Shangazi mmoja akataka kunisitiri, eti kila jambo limeandikwa. Nikamkata kauli. Nilimsema mtoto wa watu hadharani, na kujisema nako kulitakiwa kuwe hadharani. Nikamwomba wifi radhi.

Mdogo wangu alinitazama, kisha akamtazama mkewe. Wifi akaingia ndani. Akarudi na bakuli la mchicha na samaki wa kuchemsha, chakula kilekile tulichokuwa tunakicheka. Nikadhani atakaa amlishe. Badala yake akanipa kijiko. "Mlishe wewe leo, wifi."

Nikachota. Kwa mazoea ya mpishi nikaonja kwanza, na kabla sijameza nikagundua mdogo wangu ananiangalia, mdomo wake umevutika upande, anajaribu kucheka kama zamani.

"Kitamu, dada?" akaniuliza, ulimi mzito.

Nilifuta macho kwa ncha ya kanga, nikachota tena, nikamlisha.