Habari Zote Zilikuwa Njema

Je, mtoto wa kiume anaweza kumwambia mwanamume mgeni kwamba mama yake anatokwa na damu? Nililala na swali hilo nikaamka nalo, na katikati usingizi sikuuona. Nikijibu ndiyo, nilimwona mama akijifunika uso kwa aibu. Nikijibu hapana, nilimwona amefunikwa sanda.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nimerudi Pongwe kutoka Kampala na shahada yangu. Nilimkuta mama amekonda, midomo imepauka. Nikamuuliza hali.

"Njema, baba, alhamdulillahi. Wewe je? Huko walikuwa wakikulisha?"

Kila aliyepiga hodi alipata njema hiyo hiyo. Majirani walikaa mkekani, wakauliza za afya, za nyumbani, za shamba, wakaondoka wameridhika. Hawakuwa vipofu. Walimwona akishika ukuta anapoinuka. Lakini yeye kasema njema, na adabu ilitaka asadikiwe, basi wote wakashirikiana kumsadiki, mpaka nikatamani kuwatimua na mkeka wao.

Ukweli niliupata kwa mama mdogo. Alfajiri moja nilimkuta uani akifua kanga za dada yake, na maji ya beseni yalikuwa mekundu.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani. Na hukuniona, wala mimi sikukwambia."

"Kwa nini hasemi?"

"Amwambie nani? Wewe? Ukamsomee kitabu?"

Nikampeleka mama zahanati siku ambayo daktari huja kutoka mjini. Alikuwa Mhindi wa makamo, mpole, aliyejifunza salamu zetu akazipenda. Hilo ndilo lililotuponza. Alimuuliza habari za watoto, mama naye akamuuliza za wake, na kama mkewe ameshalizoea joto la Tanga. Wakacheka. Kisha akauliza, "Nini kinakusumbua, mama?"

"Si kitu, baba. Uchovu tu. Huyu mwanangu ndiye mgonjwa, kasoma mpaka kila kitu kinamtia hofu."

Wakacheka tena, na dresa, msaidizi wa zahanati aliyekuwa kando yake, pia. Daktari akaandika dawa ya kuongeza nguvu, mama akamwombea dua, tukatoka. Mazungumzo mazuri kabisa! Hakuna aliyemkatiza mwenziwe. Njiani mama alishikwa na kizunguzungu, akaketi kando ya barabara. Mpita njia akamsalimu. "Salama, mwanangu," akajibu, kichwa kikiwa magotini.

Nilikasirika. Nilimkasirikia mpita njia, ambaye hakuwa na kosa. Nilimkasirikia daktari, aliyekuwa na macho akatumia masikio tu. Zaidi nilimkasirikia mama. Kwetu hata anayeleta habari ya msiba huanza na njema, kisha husema "ila", na hapo ndipo watu hukaa kitako wakasikiliza. Mama alikuwa akiishia kwenye njema. Ile "ila" aliimeza, na sisi tuliomzunguka tulimshukuru kwa kutopata kazi ya kuisikia.

Nilianza kutunga sentensi. Kwa Kiingereza ilikuwa nyepesi. Daktari angenielewa na mama asingejua kilichosemwa. Niliifurahia hila hiyo kwa muda, kisha ikanichukiza. Ingekuwa kumsengenya mama mbele ya uso wake. Kwa Kiswahili kila neno lilikuwa uchi. Nilijaribu "ugonjwa wa kike", nikajaribu "mambo ya ndani", nikaona narudi kule kule kwenye adabu inayoua.

Siku ya daktari ilipofika tena mama hakutaka kwenda. "Dawa ya watu sijaimaliza," alisema. Nikamshika mkono, tukaenda.

"Hujambo, mama?" daktari akaanza, anatabasamu.

"Sijam—"

"Mama si mzima, daktari," nikasema juu ya sauti yake. "Anatokwa na damu. Tangu kabla ya Ramadhani."

Dresa akageukia dirisha. Mama akavuta buibui usoni.

"Umenivua nguo mbele za watu," akasema.

"Ndiyo, mama," nikajibu, kwa ukali ambao sikuukusudia. "Na leo hatuondoki mpaka upimwe."

Daktari akaweka kalamu chini. Akamwita mkunga, akatuamuru mimi na dresa tutoke, na mlangoni nikamsikia akimuuliza mama upya, safari hii bila salamu.