Chumvi Aliyoiomba Mwalimu wa Kitangari

Habari ilinifikia hapa Masasi Jumapili, tukitoka kanisani: mwalimu wa Kitangari hatunaye tena. Wengi wenu, wasomaji wangu wa kila wiki, hamkumjua. Alifundisha darasa la kwanza mpaka akastaafu, kisha akawa anabangua korosho barazani kwake, huku akiwafokea waliopita na ndoo za maji kichwani kana kwamba bado ni wanafunzi wake. Tangu tumzike sina raha. Kila nikikaa mezani naiona mikono yake.

Mara ya mwisho kumtembelea nilimkuta amekonda mno, amekaa tu. "Shikamoo, dada." "Marahaba. Usinitazame hivyo, sijafa bado," akasema, akacheka peke yake. Mistari ya viganja vyake ilikuwa myeusi. Majirani walisema ni mafuta ya korosho, na nani angebisha? Huku kwetu kila mbanguaji ana mikono ya namna hiyo. Uchovu wake waliuita uvivu wa kustaafu, na ukimya wake, mtu aliyekuwa msemaji hodari, waliuita maringo. Chakula kikaja, ugali wa muhogo na kisamvu, bila chumvi hata chembe. Mumewe ana presha, zahanati walimkataza chumvi, na kwa kumpenda nyumba nzima ikala chungu kimoja. Mwalimu alinyanyuka polepole, akatoa kopo nyuma ya mtungi, akamimina chumvi kiganjani na kuilamba kama mtoto aliyepata sukari. Mumewe, mzee mpole asiyejua kupaza sauti, akamnyang'anya lile kopo.

"Mama, unataka kufa uniache na nani? Chumvi inaua."

"Baba, kidogo tu. Mwili unaitaka."

"Mwili hauna akili, mama." Akaenda kulificha.

Kumbe mwili ulikuwa na akili kutushinda sote. Alipozimia, binti yake alimleta hospitali huku Masasi, nami nikawafuata. Daktari alimfunua mdomo akakuta fizi nazo ni nyeusi, na korosho haibanguliwi kwa fizi. Alitueleza mimi na binti kwamba juu ya figo zetu kuna tezi mbili ndogo, zinazotoa homoni za kuutunzia mwili chumvi na kutupa nguvu ya kuamka na kustahimili misukosuko. Za mwalimu zilikuwa zimekufa. Ubongo ulipoona haujibiwi, ukazidi kutuma homoni yake ya kuziamrisha, na homoni hiyo ikizidi huitia ngozi weusi. Chumvi ilikuwa inapotea kwenye mkojo, na ubongo huohuo ukawa unamsukuma kwenye kopo. Vidonge vya kila siku vingemweka hai, lakini alifika amechoka mno, akafariki kabla dawa haijamkamata. Tunapenda sana kuhukumiana: huyu mvivu, yule mlafi, yule kabadilika siku hizi. Nani ajuaye ni mangapi kati ya hayo ni mwili unaoomba msaada, na mwenyewe hana habari? Wazo hilo linanitisha, siwafichi.

Matangani mzee alinivuta pembeni. "Mdogo wangu, daktari alisema nini hasa?" Nikamweleza yote. Nikamwambia chumvi peke yake isingemponya, na kwamba hakuna kati yetu aliyeujua ugonjwa ule. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Ugonjwa sikuujua," akasema. "Lakini mwenzangu aliniomba."

Ninachowasihi ninyi ni hiki: mgonjwa wenu akitamani kitu, hata kiwe cha ajabu, msimcheke wala msimfokee. Mpelekeni kwa daktari, na kabla hamjataja jambo lingine lolote, semeni anachokiomba.