Kumwombea Radhi Mpwa Wangu

Aliyenyang'anywa leseni ni mpwa wangu, lakini aliyefungwa ni mimi. Alikamatwa akiendesha gari la mama yake kwa mwendo wa kujionyesha kwenye mtaa wa viwanda, rafiki zake wakimrekodi, na tangu siku hiyo kumpeleka kwenye mazoezi ya mpira kukawa kazi yangu. Natoka ghalani Seven Hills mgongo unauma, narudi St Marys kumchukua, napiga honi nje ya fleti yao, halafu nasubiri. Bwana mkubwa anachana nywele.

Kukataa nisingeweza. Dada yangu ndiye aliyenileta Australia na kunilaza sebuleni kwake mpaka nikapata kazi, na yeye mwenyewe anauguza wagonjwa hospitalini Westmead kwa zamu zisizoeleweka. Akisema, "Kaka, nisaidie mtoto," nimekwisha. Basi kila jioni tulikwama kwenye foleni, mimi na kijana wa miaka kumi na tisa, magoti ameyapandisha kwenye dashibodi, anacheka peke yake na simu. Nikimwuliza kitu kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza. Nikipandisha sauti anasema, "Anko, relax." Nililichukia neno hilo kuliko foleni yenyewe.

Lakini jamani, yule mtoto mpira anaujua. Nasema hivi nikiwa bado nina hasira naye. Alicheza pembeni kushoto, na pasi ikimfikia hakuwa na haraka. Mpira ulitulia mguuni kwake kama paka wa nyumbani, beki anasubiri, anachoka kusubiri, anaingia, na akishaingia ameachwa. Wazee wa Kizungu wasiojua hata jina lake walikuwa wakisimama kila alipougusa mpira. Mimi mwenyewe nilisahau mgongo. Klabu ilianza kuzungumzia mkataba wa timu ya wakubwa, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikamsikia dada yangu akiimba jikoni.

Akaja kuuchezea mkataba huo kwa utoto. Kocha wake anachechemea, goti moja halikunjiki vizuri. Siku moja kocha alikuwa anaeleza mbinu ubaoni kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mpwa wangu akasimama nyuma yake akaigiza anavyotembea, na mwenzake akamrekodi, akairusha video mtandaoni palepale. Watu walicheka sana. Kocha hakupiga kelele. Alimwambia aende nyumbani, na akiwa tayari kuzungumza aje yeye mwenyewe. Mlango ungekuwa wazi mpaka timu itajwe mwisho wa wiki. Asipokuja, mkataba ungekwenda kwa mwingine.

Dada yangu aliposikia hayo alifanya jambo ambalo mtu yeyote wa kwetu Tanga angefanya: alitafuta mzee. Kwetu kijana akikosa haendi yeye. Wanakwenda watu wazima, wanajuliana hali, mzee anazunguka weee mpaka analifikia kosa, anasema mtoto ni wetu sote, tunaomba radhi. Mkosaji anakaa nje na adabu zake, anaitwa mwisho kupeana mkono. Aliyekosewa anaona ameheshimiwa, na neno linaishia hapo. Tulikwishafanya hivyo shuleni kwake, aliporusha kiatu darasani. Tulifanya hivyo kwa jirani aliyevunjiwa kioo. Mara zote yaliisha vizuri, na mara zote kijana alikuwa nje.

Tukaenda. Dada yangu na ndoo ya visheti, mimi mkalimani na dereva, na mzee mmoja wa jumuiya yetu, mwalimu mstaafu, kofia yake imepigwa pasi ikanyooka. Mpwa wangu tukamwacha garini.

Kocha alitukaribisha ofisini kwake, ghorofani pale klabuni, akatafuta viti. Mzee akaanza kwa dua, kisha akaulizia hali ya wazazi wa kocha. Nikatafsiri. Kocha akasema wamekwishafariki. Mzee akatoa pole, ndefu, na mimi nikaitafsiri yote huku jasho linanitoka. Tukafika kwenye kosa, tukaomba radhi, dada yangu akafuta machozi kwa mtandio. Kocha alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya meza, halafu akauliza, "Yeye yuko wapi?"

Nikamwonyesha dirishani. Gari langu lilikuwa palepale chini, mpwa wangu amelaza kiti, miguu ameitoa nje.

"Nilimwita yeye," kocha akasema kwa upole. "Nyinyi hamjanikosea."

Nilipomfasiria mzee, alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Tumekuja watu wazima na heshima zetu. Sasa huyu anataka nini zaidi?"

Nilijua anachotaka, lakini ningemwambiaje mzee kama yule, mbele ya mwenyeji, kwamba heshima yake hapa haina kazi? Nikabanwa, huku mzee, huku mkataba. Nikatoka nje.

"Shuka," nikamwambia mpwa wangu. "Kaseme mwenyewe."

"Si mmeshasema?"

"Anakutaka wewe."

Akacheka kidogo. Nikamngoja amalize kucheka. Uso ukamporomoka, na akanijibu kwa Kiswahili, Kiswahili chake cha kubabaisha: "Anko, mimi sijui. Naanza vipi? Siku zote mnakwenda nyinyi."

Hasira zote ziliniishia. Nilimwonea huruma, na nilituonea huruma sote. Kijana anayepita katikati ya mabeki kama wamelala anaogopa chumba chenye mtu mmoja. Nikamwambia, taja ulichofanya, sema umekosa, kisha nyamaza. Basi. Akawa anayarudia maneno midomo inacheza bila sauti. Akavaa viatu vizuri. Akashuka.

Hatukufika mbali. Kocha alikuwa ameshatoka, wavu wa mipira begani, anaelekea uwanjani, na dada yangu anamkimbilia nyuma na ndoo yake. Tukakutana wote kwenye njia ya kokoto. Kocha akasimama mbele ya mpwa wangu, akatua mipira chini.

"Una la kuniambia?"

Mpwa wangu akavuta pumzi. Nilimwona kwa macho yangu, na nitaapa popote: alimtazama kocha usoni, akafungua mdomo.

"He is sorry," dada yangu akasema. "He is very, very sorry, sir. Bado mtoto huyu. He is only a child."

Kijana akafumba mdomo. Mabega yakamshuka, na nilichokiona usoni mwake kilikuwa nafuu, ile ya mtu aliyetuliwa mzigo. Kocha akangoja kidogo tena. Kisha akamshukuru dada yangu, akapokea visheti, akanipa mkono, akabeba mipira yake akaenda kwa wenzake.

Garini dada yangu hakunyamaza. "Mmeona alivyonishukuru? Na visheti kapokea. Mtu hapokei chakula chako kama ana kinyongo." Mzee akaitikia kwamba kweli, yamekwisha, alhamdulillahi.

Nikawasha gari. Kwenye kioo nilimwona mpwa wangu amegeuka nyuma anautazama uwanja, simu imelala mapajani. Kati yetu wanne humo garini, ni yeye na mimi tu tulioelewa kwamba mlango wa kocha umeshafungwa.