Kiwanja cha Elieza na Mtu Ambaye Hakuulizwa

Mwanangu, nianze kwa kumtaja mhusika, ili asiwepo wa kusema baadaye kwamba nilizungukazunguka. Aliyesababisha Elieza akose nyumba hapa Morogoro, na akose pia haki yake ya kurudishwa kwao Njombe, ni afisa utumishi wa kiwanda alichokitumikia. Si soko huria wala si bahati mbaya. Watu wa rika langu, ukiwauliza kuhusu miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa, wengi watakujibu kwamba mambo yalibadilika. Mambo hayabadiliki yenyewe. Kila barua ya kuachishwa kazi ilikuwa na mtu aliyeiandika na mwingine aliyeitia sahihi. Najua, kwa sababu nilikuwa afisa kazi, na barua hizo zilipita mezani pangu.

Asubuhi ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa ya masika, mlima haujaonekana bado kwa ukungu, nami nikiwa kijana wa suruali iliyopigwa pasi vizuri na fikra zilizonyooka vivyo hivyo. Elieza aliingia ofisini na mkewe, Mama Tumaini. Elieza alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kilichotengeneza ndoo, sufuria na makarai. Jina la kiwanda silitaji, kwa kuwa jengo halina kosa. Hakukaa mpaka nilipomkaribisha mara ya pili. Kisha akanieleza, polepole, kama mtu anayeogopa kwamba akiharakisha ataonekana anasingizia.

Mnunuzi wa kiwanda alikuwa amekwisha kupatikana, naye hakutaka wafanyakazi wa zamani. Sasa nikufahamishe jambo ambalo wengi hawalijui hata leo. Mfanyakazi aliyeajiriwa kutoka mbali, ajira yake ikikoma, mwajiri anawajibika kumsafirisha yeye, familia yake na mizigo yake mpaka mahali alikoajiriwa, au kumlipa gharama ya safari hiyo. Akimchelewesha, anamlipa na posho ya kujikimu mpaka siku ya kumsafirisha. Kiwanda kile kilikuwa na watu wa Njombe, Singida, Kigoma na kwingineko. Kuwasafirisha wote lilikuwa jambo zito. Lakini mfanyakazi ambaye makazi yake ya kudumu ni Morogoro, huyo atasafirishwa kwenda wapi?

Bwana Utumishi, kama wafanyakazi walivyomwita, aliliona hilo mapema. Hakuitisha mkutano. Aliwaita mmoja mmoja, mlango ukafungwa, chai ikaletwa. Mwanangu, afisa ambaye kwa miaka mingi hakuwahi kukupa hata kiti, siku anapokuagizia chai, iache ipoe kwanza huku unafikiri.

Alimwambia Elieza kwamba Njombe hakuna cha kurudia isipokuwa baridi, na kwamba mtu wa heshima kama yeye anastahili kwake mwenyewe. Akasema anamfahamu kijana mmoja Mluguru, Rajabu, aliyeachiwa na marehemu baba yake kiwanja chenye nyumba chini ya mlima, kupita Kilakala. Bei ya kuelewana. Kiinua mgongo cha Elieza kingetosha. Habari zikafika kantini kabla ya Elieza mwenyewe, na alipoingia wenzake walikuwa wanamsubiri.

"Jamani, simameni, mwenye nyumba anapita," mmoja alisema.

"Baba Tumaini, kodi tuanze kukulipa lini?"

Akacheka nao. Aliniambia kwamba siku ile alijisikia mrefu.

Mauziano yalifanyika barazani kwa Rajabu. Mwenyekiti wa mtaa alikuwepo na mhuri wake. Wadogo zake Rajabu walikuwepo, wote wakakubali. Elieza hakuwa mjinga, na nataka hilo lieleweke. Kwao mali ya baba huenda kwa watoto wa kiume, na kwa hiyo aliuliza swali ambalo kwao ndilo la maana: je, watoto wote wa marehemu wameridhia? Wakaitikia kwa sauti moja. Pilau ikaliwa. Na pilau ilipokuwa bado mezani, Bwana Utumishi akatoa karatasi nyingine kutoka mfukoni, akasema ni ya kukamilisha jalada tu. Ilisema kwamba Elieza amehamia Morogoro moja kwa moja, kwa hiari yake, wala hana dai la kusafirishwa. Elieza akatia sahihi kwenye meza ileile, kwa kalamu ileile.

Niliposikia hapo nilimuuliza afisa utumishi alikuwa na shughuli gani kwenye mauziano ya kiwanja cha watu. Elieza akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza naye anajiuliza.

Akaendelea kunieleza kwamba wiki kadhaa baada ya mauziano alishuka mama mmoja mzee kutoka mlimani. Hakugomba. Alikaa barazani, akaomba maji, akanywa, akamrudishia Mama Tumaini kikombe kwa mikono miwili. Halafu akauliza ni nani aliyewaruhusu kukaa pale. Mama Tumaini akamwambia wamenunua. Yule mzee akasema kiwanja kile ni cha upande wa mama yake, na aliyekuwa akiishi pale alikuwa kaka yake tu. Akawataka wapande kwake, pamoja na mtu yeyote wanayemwamini. Aliitwa Bibi Mwajuma.

Wakubwa wangu walinituma mimi. Tulipata gari la mizigo mpaka Mkuyuni, kisha tukapanda kwa miguu katikati ya migomba, mimi na mkoba wangu, Elieza nyuma yangu. Njiani nilijiandaa na maswali makali. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba yule bibi na Rajabu wamepanga njama: mtoto auze, shangazi akane, mgeni atimuliwe. Ofisini tulikuwa tumekwisha kuona michezo ya namna hiyo, na sijutii kushuku. Nilichokosea ni mahali pa kuielekeza shaka yangu.

Tulimkuta anaanua mahindi. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatuonyesha mahali pa kukaa. Nami, bila hata kumuuliza hali, nikafungua mkoba na kuanza: ana hati gani, ana ushahidi gani, kwa nini hakujitokeza siku ya mauziano.

Akaniacha nimalize.

"Mjukuu wangu," alisema, "karatasi zenu zote zimezunguka huko mjini. Hakuna hata moja iliyopanda mlima kuja kuniuliza. Leo unapanda wewe, unaniuliza kwa nini sikuja?"

Nikaufunga mkoba. Akaendelea na mahindi yake, akatueleza jambo ambalo kila mtoto wa pale analijua. Kwa Waluguru, ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama. Mwanamume hulima na kujenga kwenye ardhi ya mama yake, lakini akifa, inarudi kwa dada zake na watoto wa dada zake. Watoto wake mwenyewe wana ukoo wao, wa mama yao. Wanaweza kuachwa wakae kwa ridhaa ya ukoo wa baba, lakini kuuza hawana uwezo. Rajabu na ndugu zake, wote waliokubali pale barazani, hakuna hata mmoja aliyekuwa na cha kukubali.

"Nyinyi watu wa ofisi mnawaangalia waliokuja," aliniambia. "Mngeuliza nani hakuitwa."

Hapo ndipo Elieza alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza. Alimwomba radhi. Akasema yeye ni mgeni, na hata aliyemwongoza, ofisa wa kiwandani, hakuwa akijua mila ya huku.

Bibi Mwajuma akaacha mahindi.

"Huyo ofisa ni mnene kidogo? Anacheka kabla hajasalimia?"

"Ndiyo huyo, bibi."

"Huyo anajua. Alipanda mpaka hapa, akakaa hapo ulipokaa wewe. Alikitaka kiwanja yeye mwenyewe. Nikamwambia hakiuzwi, na Rajabu si wa kukiuza, nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Akasema, nimeelewa, bibi. Alikuwa ameniletea kanga na sukari. Kanga nilimrudishia."

"Na sukari?" nikauliza, kwa ile tabia yangu ya kutaka kumbukumbu zikamilike.

"Sukari aliisahau. Tuliinywa."

Elieza hakucheka. Aliuliza jambo moja tu: mtu yule alikuja lini. Bibi akajibu kwamba mahindi yalikuwa bado machanga. Elieza alikuwa amenunua yakiwa yamekwisha kukauka.

Hebu elewa, mwanangu, kilichobadilika pale. Mpaka dakika ile tungeweza kusema kwamba wote walipotea, aliyeonyesha njia na aliyeifuata. Sasa ikawa wazi kwamba mtu mmoja alikwenda mwenyewe, akauliza, akajibiwa, kisha akashuka na jibu lile mfukoni na kumpeleka mwenzake kununua kitu anachojua hakinunuliki, ili tu apate sahihi ya kuhamia Morogoro. Hakuwa na haja Elieza apate nyumba. Alitaka aonekane anayo.

Tuliporudi niliandika taarifa, na shauri likafika kwenye usuluhishi. Bwana Utumishi alikuja na tai. Alisema Elieza ni mtu mzima na alisaini kwa mkono wake. Alipoulizwa kama aliwahi kumfuata Bibi Mwajuma, alijibu kwamba huwa anapanda mlimani kununua ndizi. Watu wakacheka, naye akacheka nao, na kicheko kile kilimsaidia kuliko wakili. Kabla hatujafika mwisho kiwanda kikakabidhiwa. Mmiliki mpya akasema madai ya wafanyakazi wa zamani ni ya uongozi wa zamani. Uongozi wa zamani ukasema majalada yamekwenda na kiwanda. Rajabu alikuwa amehamia Gairo, eti ananunua karanga, na tulipomtafuta Gairo wakasema hajapata kuonekana.

Aliyetenda haki katika jambo hili ni yule ambaye hakuulizwa. Bibi Mwajuma alimwambia Elieza akae. "Wewe hukuniibia, uliibiwa," alisema. Lakini akaweka masharti mbele ya ndugu zake: asiongeze chumba, asipande miti ya kudumu, na kila mavuno apandishe mazao kidogo, ile wanayoiita ngoto, kukiri kwamba ardhi ni ya ukoo. Elieza aliipandisha kila mavuno bila kukosa. Aliishi kama mgeni ndani ya nyumba aliyoilipia. Kwao hakurudi, kwani kilichotakiwa kumrudisha alikuwa amekisaini kwenye meza ya pilau.

Alirudi hatimaye, akiwa ndani ya jeneza. Wenzake wa kantini, wale waliomwita mwenye nyumba, walichanga wakakodi lori. Mama Tumaini na watoto walikaa nyuma pamoja na kitanda, cherehani na masufuria aliyoyatengeneza marehemu mwenyewe. Mtu, familia na mizigo, mpaka Njombe. Ilikuwa ni ileile safari ambayo sheria ilimtaka mwajiri aigharimie mtu akiwa hai.

Kwa hiyo nakusihi. Ukiachishwa kazi, usisaini neno hiari ikiwa hiari haikuwepo, na usisaini siku ileile uliyopewa karatasi. Omba nakala, nenda nayo nyumbani, ipeleke kwa chama cha wafanyakazi au kwa afisa kazi. Dai notisi yako, likizo yako, kiinua mgongo, hati ya utumishi, na safari yako. Usikae ukinung'unika vijiweni, kwani muda wa kupeleka lalamiko ni mfupi na sheria haimsubiri anayejishauri. Na mwajiri akikutafutia nyumba, jiulize anafaidika nini wewe ukikaa.

Ukinunua nyumba, usitosheke na mhuri wa mtaa. Mhuri unaonyesha kwamba mmekutana, hauonyeshi kwamba muuzaji ni mwenye mali. Kama kuna hati, nenda mwenyewe ofisi ya ardhi ukaulize jina lililoko kule na kama kuna mkopo juu yake. Kama ni mali ya marehemu, mwombe muuzaji barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi, kisha uwaone warithi. Kama muuzaji ana mke au mume, ridhaa yake ipatikane kwa maandishi na kwa kinywa chake. Na kama ni ardhi ya ukoo, jifunze kwanza ukoo huo unahesabu kwa baba au kwa mama, usiende na mila ya kwenu. Kisha, watu wote wakishakaa na kalamu ikishatolewa, angalia barazani na uulize kwa sauti: nani hakuitwa? Mpande mlima mumfuate, hata kama mnunuzi mwingine anasubiri, hata kama pilau inapoa.

Mungu akupe kazi isiyokudhalilisha, na mlango ambao hakuna atakayekuja kukuuliza nani alikuruhusu kuufungua. Akujalie kurudi kwenu kwa miguu yako.

Na wewe uliyekuwa afisa utumishi, najua u hai, u mjini humuhumu, na watu wanakuamkia. Nami nakuamkia. Lakini kwa niaba ya mjane wa Elieza nakudai, rasmi, na kwa jina langu kamili ambalo unalijua, ujibu mbele ya familia ile: uliambiwa nini siku uliyopanda kwa Bibi Mwajuma, na ni nani aliyekuagiza uje na karatasi ile ya pili? Usinijibu habari za ndizi. Nataka jibu kwa maandishi, na sahihi yako chini yake.