Furushi Lililotoka Ndalu

Siku ya mwisho ya soko kabla ya Krismasi ya mwaka 2007, mama yangu alikataa kumkabidhi mwalimu mmoja furushi la mtoto kwa sababu mwalimu alitaka kulituma nyumbani kwa bodaboda ya baiskeli. Mke wake alikuwa amejifungua asubuhi ile, na yeye alikuwa anakimbilia semina ya makarani wa uchaguzi.

"Wewe ndiye baba?" mama alimuuliza.

"Ndiyo, lakini huyu wa baiskeli si anajua kwetu, bana."

"Anajua kwenu, lakini si yeye amezaa. Beba mwenyewe, ama nenda umwambie mama watoto ati ulishindwa kubeba nepi."

Soko zima la Ndalu liliangua kicheko. Mwalimu akajitwika beseni lenye furushi juu ya kichwa, na suti yake ya kijivu, akaondoka akitabasamu kwa aibu.

Mama alikuwa akiuza vitu vya wazazi na watoto wachanga tangu nikiwa darasa la pili, na Ndalu yote ilimwita Mama Nepi. Shamba letu lilikuwa upande wa Kitale, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Wazee wangu walikuja huko kutoka Nyeri kabla sijazaliwa, wakapanda mahindi kama kila mtu. Mahindi yalikuwa ya baba mpaka alipofariki. Nepi zilikuwa za mama, na nadhani alizipenda kuliko shamba.

Furushi lake lilikuwa na mpango. Chini ya beseni alitandika nepi nusu dazeni. Juu yake fulana mbili, kofia, soksi, pamba, pini kubwa, sabuni ya kipande, mafuta ya mtoto, wembe mpya na uzi. Halafu vya mzazi: leso, pakiti ya unga wa wimbi, na kikombe cha njahi, yale maharagwe meusi ambayo kwetu Wakikuyu mzazi lazima ale ili apate maziwa. Mwisho kabisa alifunika kila kitu kwa shali na kufunga fundo moja juu.

Jirani yake sokoni alikuwa Mama Wekesa, Mbukusu, mjane kama yeye, aliyeuza kuku. Yeye ndiye aliyetukodishia chumba cha kuwekea bidhaa nyuma ya nyumba yake. Wawili hao walibishana miaka kumi na tano kuhusu maziwa ya mzazi.

"Njahi inaretanga gesi tu," Mama Wekesa alisema. "Mzazi anataka supu ya kuku."

"Kuku ni ya kumnonesha baba mtoto," mama alimjibu. "Hebu nionyeshe mzazi aliyeachiwa hata bawa."

Walikuwa wakiyasema hayo wakila pamoja kutoka sahani moja. Nikifikiria furaha, hiyo sahani ndiyo ninayoiona.

Biashara yetu ilisimama juu ya desturi moja. Hakuna mtu, kutoka Kitale mpaka Bungoma, aliyemnunulia mtoto kitu kabla hajazaliwa. Kununua mapema kulikuwa kuita msiba. Kwa hiyo wajawazito hawakutukaribia kamwe. Wateja wetu walikuja siku yenyewe, mama mkwe au baba, wakitokwa na jasho. Mama aliongeza sheria yake mwenyewe juu ya ile: anayekuja kuchukua furushi ndiye anayeliweka mkononi mwa mzazi. Halipewi mtu mwingine njiani. Alisema njia ina macho mengi.

Mimi nilikuwa na mimba ya miezi tisa, ya kwanza. Niliketi siku nzima katikati ya shali za watoto na nyumbani sikuwa na hata soksi moja. Mume wangu Kamau alikuwa Nakuru kwa kazi ya lori. Wiki moja kabla ya Krismasi nilitenga kando shali moja ya rangi ya maziwa, nzito, nikaificha chini ya kiti. Mama aliiona.

"Haiya, Wairimu. Unamwita mtoto na nguo?"

Nikairudisha. Mteja aliinunua alasiri ile ile. Ningeweza kusema niliogopa desturi, lakini ukweli ni kwamba nilipenda kuwa mtu ambaye mama yake atamkimbilia. Nilikuwa nimeona wengine wakikimbiliwa tangu utotoni.

Mwaka huo wateja wa kutoka Kapsokwony, kule mlimani, walikuwa wamepungua. Mlimani watu walikuwa wakiuana kwa sababu ya mashamba, na familia nzima ziliteremka na magodoro vichwani. Tuliwahurumia. Tuliwapa nepi bila kuwauliza chochote. Lakini tuliyaona mambo yao kama mvua inayonyesha ng'ambo ya mto.

Halafu kura zikahesabiwa, matokeo yakatangazwa, na siku ya pili yake vijana wenye mapanga wakaanza kuchoma nyumba za Wakikuyu. Moshi ukaonekana upande wa jirani zetu.

Tulitoka nyumbani saa nne asubuhi. Mama alibeba Biblia na debe la unga. Mimi nilibeba tumbo. Simu yangu ilibaki ikichajiwa, ikaungua na nyumba.

Tulikimbilia kanisa lililo kando ya barabara. Tulikuta watu kama mia mbili, wengi wanawake. Polisi wawili walikuwa langoni. Mjini Kitale maduka yalikuwa yamefungwa na barabara ilikuwa imezibwa kwa magogo.

Tulilala sakafuni siku tatu.

Asubuhi ya nne, saa mbili, uchungu ukanishika.

Mama alinitazama, akaweka mkono tumboni kwangu, akasikiliza kwa vidole kama alivyozoea. Kisha akaanza kufunga kitambaa chake kichwani, na nikajua anakwenda wapi kabla hajasema.

"Chumba cha Mama Wekesa hakijaguswa," alisema. "Naenda na narudi."

"Mama, usiende. Tutapata kitu hapa."

"Hapa kuna nini? Sakafu ya simiti? Mtoto wangu azaliwe kwa simiti kama ndama?"

Polisi alimkataza. Alimwambia polisi kwamba ameuza nepi Ndalu miaka kumi na tano, na hao vijana wenye mapanga nusu yao aliwafungia mafurushi ya watoto wao na ya wadogo wao yeye mwenyewe. Ilikuwa kweli. Alipitia mlango wa nyuma, kwenye shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Nilimwona mpaka alipofika kwenye miti.

Sikumwita. Uchungu ulinirudia, nikageuka kushika ukuta.

Mtoto alizaliwa kabla ya saa sita. Msichana. Mwanamke aliyekuwa akiuza sukuma wiki mjini ndiye aliyempokea. Alikuwa amezaa saba na hakuogopa kitu. Mtu alichemsha wembe. Mwingine alifumua uzi kutoka kwenye sweta lake. Kisha mke wa mchungaji akafungua kabati la kwaya, akatoa majoho ya zambarau, yale ya Pasaka, na wakayakata kwa mkasi vipande vipande bila kusita. Mwanangu alivikwa joho. Wakamlaza kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, wakatufunika sote wawili kwa majoho mengine matano. Mwenye debe la maziwa akayachemsha nikanywa. Katikati ya siku hiyo mbaya nilihisi joto, na nilimcheka mama moyoni. Nilikuwa nikitunga namna nitakavyomwambia: umetembea bure, mjukuu wako amevaa kama askofu.

Saa tisa hakuwa amerudi.

Saa kumi na moja nikaacha kutunga.

Mama Wekesa alikuja kesho yake mchana. Alitembea peke yake barabarani, akipita vizuizi vyote, beseni kichwani. Polisi walimfungulia lango. Alipiga magoti mbele yangu na kuweka furushi sakafuni. Shali ilikuwa juu, fundo moja.

"Nimefua zote," alisema. "Zirikuwa na vumbi. Nikapiga pasi."

Nilimwuliza mama yuko wapi.

"Wairimu, mtoto wangu. Nirimwambia akae. Nirimwambia mimi nitapereka, mimi hawanifanyi kitu. Akakataa. Ati furushi ya mtoto wake haipewi mtu."

Alimkuta karibu na daraja, baada ya watu kuja kumwita. Beseni la mama lilikuwa limepasuka; hilo Mama Wekesa alilolileta lilikuwa lake mwenyewe. Hakuniambia zaidi, nami mpaka leo sijamwuliza. Nilifungua fundo. Kila kitu kilikuwa mahali pake, nepi chini, njahi kwenye kikombe chake, na pembeni, kwa mara ya kwanza maishani mwake, Mama Wekesa alikuwa ameweka kuku aliyekwisha kuchinjwa na kuchemshwa. Tulilia huku tumeshikana, mtoto katikati yetu.

Tulimzika mama wiki tatu baadaye, Nyeri, mahali ambapo hakuwa na rafiki hata mmoja aliye hai. Mama Wekesa hakuweza kufika. Barabara za huko zilikuwa bado mbaya kwa jina lake la Kibukusu, kama zilivyokuwa mbaya kwa letu kule Kitale. Kwa desturi yetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Mama yake Kamau alikuja kitandani kwangu, akasema, "Mpe la mamako. Mimi nitangoja wa pili." Sijasahau wema huo.

Mchungaji aliyehubiri mazishini alisema ulikuwa mpango wa Mungu. Nilimheshimu, lakini sikukubali na sikubali. Kuna watu waliomwua na wanajijua. Kuna desturi iliyomtoa kanisani, nami niliipenda, na bado nikimwona baba anakimbia na beseni kichwani moyo wangu unaruka. Na kuna mimi, niliyerudisha shali.

Nimeziweka saa zile pamoja mara nyingi. Mama Wekesa anasema mama alifika Ndalu amechoka, akaomba maji, akafunga furushi polepole akikunja upya kila nepi, kwa sababu hili lilikuwa la kwake. Walibishana kidogo juu ya kuku. Alijitwika beseni saa saba kamili. Saa hiyo mwanangu alikuwa amevikwa, amenyonya mara mbili, amelala. Hakuna kitu alichokosa isipokuwa nyanya yake, naye alikuwa njiani anakuja.