Alma, Mji Usiobomolewa Nyumba

Noreen Fairclough alikuwa na mji wake, na katika mji huo haikuwahi kubomolewa nyumba ya mtu. Mji wenyewe ulikuwa ndani ya kompyuta, juu ya meza ya jikoni kwake, kati ya birika la chai na paka. Aliuita Alma. Nilipouona mara ya kwanza ulikuwa na wakazi elfu nne na kiwanda kimoja cha biskuti kilichotoa moshi mwingi kuliko biskuti. Miaka tisa baadaye watu walikuwa wamekaribia laki moja, na Noreen alikuwa ameapa kwamba laki hiyo itatimia bila yeye kuvunja hata banda la kuku.

Anayecheza michezo hii ataelewa kwa nini tulimwona mkaidi. Mchezo wenyewe unataka ubomoe. Unaanza na vijumba, watu wanaongezeka, barabara zinajaa, unavunja vijumba upanue barabara, unapandisha maghorofa, na mji unakua. Unabofya mara moja, vumbi linatimka, nyumba haipo. Sote klabuni tulibomoa. Mimi, nesi mzima niliyekula kiapo cha kutunza watu, niliwahi kufuta mtaa wote ili nipate uwanja wa mpira, na usiku huo nililala usingizi mnono.

Klabu yetu hukutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana, kwenye chumba cha juu cha baa moja hapa Ramsclough, mji mdogo huku ng'ambo. Tunakuwa kumi na wawili mvua isiponyesha, kumi na saba ikinyesha. Tunapenda vitu viwili tu: kujenga miji kwenye kompyuta, na hadithi za kuchekesha za sayari za mbali, maroketi mabovu na wageni wenye vichwa vingi kuliko akili. Nilitoka Muheza kuja kufanya kazi hospitali ya hapa, nikawaambia nyumbani nitakaa miaka miwili. Huu ni wa ishirini na sita, na lawama naitupia klabu.

Noreen alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Mfupi, mikono imejaa, na sauti iliyozoea kunyamazisha watoto mia mbili wanaogombea viazi. Hadithi zake alizitunga mwenyewe, akiziandika nyuma ya orodha za mboga, nasi tukizichapa kwenye kijarida chetu cha kubana kwa pini. Zote zilimhusu Bi Mabel, mpishi asiyeogopa kitu mbinguni wala duniani, pamoja na wageni wa anga waliokuja kuiteka dunia na kujikuta wanapangishwa foleni ya chakula.

Aliyekuwa akimbwaga karibu kila mwaka kwenye shindano la klabu ni Clifford Aspinall. Clifford alikuwa mzee mrefu aliyevaa tai hata Jumamosi, mhandisi mstaafu aliyemaliza ujana na utu uzima wake wote katika ofisi ya barabara ya mji huuhuu. Miji yake ilinyooka, safi kama chumba cha upasuaji, na alikuwa ameshinda shindano letu mara sita.

"Noreen," angemwambia, akimega pai yake kwa kisu na uma, "hivi vichochoro vyako vya nyuma ya nyumba vina kazi gani? Vinakula nafasi. Havileti kodi. Kila safu ya nyumba umeiwekea kichochoro!"

"Watu wapite."

"Barabara ipo mbele."

"Na takataka wapitishe mbele? Na mtu akitaka kumwona jirani na rola zake za nywele kichwani, apite mbele? We Clifford, umewahi kuishi na watu, au na rula tu?"

Tungecheka, Clifford naye angecheka kidogo, kisha wangepeana chumvi.

Nilidhani ni utani wa kawaida mpaka siku moja, tukiosha vikombe kwake, Noreen aliponieleza. Mwaka 1969, akiwa na miaka kumi na mmoja, halmashauri ilivunja Mtaa wa Alma alikozaliwa. Nyumba sitini na mbili ziliangushwa, ikapita barabara ya mzunguko, ile ninayoipita nikienda kazini. Kabla ya hapo waliitwa mkutano katika ukumbi wa kanisa. Mama yake, Edna, alisimama akasema la moyoni, Noreen akiwa pembeni yake. Mbele alikuwepo kijana wa ofisi ya barabara aliyetumwa kuandika maoni ya watu, kalamu mkononi. Alimsikiliza Edna mpaka mwisho na hakuandika neno.

"Huyo kijana ni Clifford," akasema Noreen, akifuta sahani.

Sahani yangu nusura inidondoke. "Na unakaa naye meza moja!"

"Nikae naye wapi, chini ya meza?"

"Anajua kama wewe ni wa mtaa ule?"

"Hajauliza."

"Na wewe hujamwambia? Miaka yote hii? Shoga, mimi ningekuwa nimeshamsuta mbele za watu, na ngoma ningekodi!"

"Ndiyo maana wewe una presha. Sisi huku hatusemi, mwaya. Tunapeana chumvi." Akaitundika taulo. "Lakini sikiliza. Nikishindwa kufika laki moja bila kuvunja, maana yake ilibidi. Maana yake mtaa wetu haukuwa na namna, ilibidi uvunjwe, na yeye alikuwa sahihi. Mimi hilo silikubali. Nikianguka mwaka huu naanza upya Jumatatu."

Basi na shindano letu nalo lina sheria zake. Mji hauhesabiwi mpaka upite saa nzima bila mwenyewe kuugusa. Unaangazwa ukutani kwa projekta, sote tunautazama, na mwenye mji anasimama ameupa mgongo, akitusomea hadithi ya kuchekesha. Haruhusiwi kuangalia nyuma. Anaruhusiwa kugeuka mara moja tu, abofye mara moja tu, arudi kwenye hadithi yake. Habari za mji wake anazipata kwenye nyuso zetu. Mwaka uliotangulia Noreen alianza na watu elfu tisini na nane akamaliza na elfu sabini, na alijua tangu dakika ya ishirini, kwa sababu tuliacha kucheka.

Jumamosi ya kwanza ya Novemba mvua ilinyesha, tukawa kumi na saba. Nadeem, mfamasia wetu mwenye filimbi, ndiye aliyeshika saa. Kwenye ukuta Alma ulionekana wote: mto, daraja lake moja, maghorofa aliyoyajenga kwenye viwanja vitupu vya pembeni, na katikati zile safu za nyumba ndogo za matofali, kila safu na kichochoro chake mgongoni. Juu, kwenye kona, palisomeka wakazi 100,412.

"Hakuna hata moja iliyobomolewa?" Nadeem akauliza, kama sheria inavyotaka.

"Hesabu mwenyewe."

Akapuliza filimbi. Noreen akaupa mji mgongo, akavaa miwani, akafungua daftari.

Siku hiyo Bi Mabel alitembelewa na majeshi ya sayari ya mbali yaliyotua kwenye uwanja wa shule saa sita kamili mchana, muda mbaya kuliko yote. Kila askari alikuwa na vichwa vitatu, ukazuka ugomvi kama apewe sahani moja au tatu. Bi Mabel akaamua kwa mwiko mkononi: "Kichwa hakili. Hesabuni matumbo." Tulivunjika mbavu. Jemadari wao akatangaza kwamba dunia sasa ni mali yake, Bi Mabel akaitazama sahani yake na kumwambia, "Huteki kitu hapa mpaka umalize kabichi yako." Nadeem alicheka hadi filimbi ikamtoka mdomoni. Nikatazama ukutani: dakika ya thelathini, wakazi 100,530. Nilianza kuamini.

Dakika ya thelathini na nane moto ulishika kwenye kiwanda cha biskuti.

Si kitu, mioto huja. Tatizo ni kwamba ilikuwa saa ya watu kutoka kazini mle mchezoni, na magari yalikuwa yamelijaza daraja lote. Gari la zimamoto likafika mwanzo wa daraja, likasimama. La pili likasimama nyuma yake. Moto ukaruka paa la jirani. Namba pale juu ikaanza kushuka: 100,300, 100,190. Noreen alikuwa amefika pale jemadari anapoomba chumvi, sehemu ambayo mazoezini ilinichekesha mpaka nikatoa machozi, na chumba kizima kilikuwa kimya.

Akainua macho juu ya miwani. Akatutazama mmoja mmoja, taratibu. Mimi nilijitahidi kutabasamu, na nadhani ndivyo nilivyoharibu kabisa. Akamalizia kwa Clifford. Clifford alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti, mkono kwenye tai, anatazama ukutani.

Noreen akafunga daftari, kidole ndani, akageuka.

Kila mtu pale aliona lililohitajika. Kwenye kona ya daraja palikuwa na nyumba moja ya matofali, ya mwisho kwenye safu yake. Ikivunjwa, barabara inapanuka yenyewe, magari yanapita, zimamoto wanavuka. Ni nyumba moja tu, yenye wakazi watano.

"Ivunje, Noreen," mtu akasema nyuma. "Moja tu! Nani atakulaumu?"

"Watu laki kwa watu watano, mama, bofya!"

Namba ikasoma 100,071. Noreen alishika kipanya. Mshale ukapita juu ya ile nyumba, ukapita, ukaenda kutua kwenye daraja lenyewe. Akabofya. Kikatokea kibao kidogo chekundu: daraja limefungwa kwa magari ya watu binafsi.

"Kha!" Nadeem akasahau kwamba mshika saa hatakiwi kutoa maoni. "Sasa watu laki nzima watapita wapi?"

Noreen aligeuka, akaupa mji mgongo, akafungua daftari pale kwenye kidole.

Kwa dakika mbili hivi namba iliendelea kushuka. 100,032. 100,011. Nilijikuta nasali, kwa ajili ya watu wasiokuwepo. Kisha nikawaona. Ni vidoa tu, kila kidoa mtu, wakitoka kwenye magari, nayo magari matupu mchezo ukiyafuta, wakiingia kwenye vichochoro. Nyuma ya kila safu walikuwa wanatiririka, kichochoro hadi kichochoro, mpaka ukingo wa mto, wakavuka daraja kwa miguu, pembeni, na katikati pakabaki peupe. Magari ya zimamoto yakavuka mfululizo.

Noreen wakati huo alikuwa amefika mahali pa huzuni, pale jemadari anapokumbuka mapishi ya marehemu mama yake na kulia kwa macho sita. Na hapo ndipo chumba kizima kilipolipuka kwa kelele, watu wanapiga meza, wanacheka, Nadeem amesimama juu ya kiti. Noreen alitutazama tunavyoshangilia yatima anayelia, akaelewa. Alisoma mpaka mwisho, akitazama karatasi tu, na machozi yanamtiririka chini ya miwani.

Filimbi ikalia. Wakazi 100,006. Nyumba zilizobomolewa na mkono wa mjenzi, sifuri.

Tulimbeba, si kwa mfano, tulimbeba kweli, akatutukana mpaka tukamshusha. Pai zikaletwa, na njegere zilizopondwa. Clifford hakuja mezani. Alibaki amesimama mbele ya ukuta, pua karibu iguse picha, anafuata kichochoro kimoja kwa kidole mpaka mtoni. Kisha akaja, akasimama mbele ya Noreen. Nilidhani ataomba chumvi.

"Sikuvifikiria," akasema. "Vichochoro. Kwenye michoro yetu vilikuwa mistari tu."

"Uliambiwa."

Wale wengine hawakuelewa, wakaendelea kula. Mimi niliacha kutafuna.

"Alikuwa amevaa koti la kijani," Clifford akasema. "Mama yako."

Noreen aliweka uma chini. "Kumbe unajua."

"Tangu siku ya kwanza ulipouita mji Alma." Sauti yake ilikuwa ndogo kwa mtu mrefu vile. "Kalamu nilikuwa nayo, Noreen. Bosi wangu alikuwa ameshaniambia kwamba barabara inapita, niende tu kukaa pale. Nikakaa."

Hapa ndipo nilipotarajia asutwe, na kusema kweli nilikuwa tayari kusaidia. Noreen alivuta kiti cha pembeni yake. Akasukuma pai kando, akafungua daftari la Bi Mabel kwenye ukurasa mtupu, akaweka kalamu juu yake.

"Kaa. Andika."

Clifford akakaa. Noreen akaanza kusema, si kwa sauti yake ya jikoni, kwa sauti nyingine niliyoisikia siku ile tu.

"Jina langu Edna Fairclough, namba kumi na nne, Mtaa wa Alma. Nyumba mtatupa nyingine, nami nashukuru, ya kwangu inavuja. Lakini nyinyi mmetupima kwa mbele. Sisi tunaishi kwa nyuma. Mama Ogden akiugua najua, kwa sababu mlango wake wa nyuma haukufunguka. Watoto wanafikishwa shuleni na kichochoro, hakuna gari linalowagusa. Mkituhamisha, tuhamisheni na njia zetu. Ni hayo tu, asanteni, na huyo kijana hajaandika."

Clifford aliandika yote, mwandiko wa mhandisi, herufi zimesimama wima. Kwenye maneno ya mwisho kalamu ilisita, kisha ikaendelea.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Simama utusomee," Noreen akasema, akivuta pai yake iliyokwisha kupoa.

Klabu ikanyamaza, kwa sababu mtu akisimama na daftari pale huwa tunanyamaza. Clifford akaupa ukuta mgongo, Alma ukiendelea na shughuli zake nyuma yake, akarekebisha tai, akasoma.