Karatasi Juu ya Ufa

Ulikuwa mwaka ule mashine ya kukatia karatasi ilipoharibika. La, nimekosea. Mashine iliharibika kabla. Mwaka ninaousema fundi alikuwa tayari anakata kwa kisu na rula, na vidole viwili vina bendeji. Basi ni mwaka uliofuata, ule ambao wateule walikuwa kumi na wawili.

Fundi huyo alikuwa akijalidi vitabu pale chuo kikuu, na wanafunzi walimwita Mzee Gundi, maana harufu ilimtangulia kabla ya salamu. Karakana yake ilikuwa chumba cha chini kabisa, chini ya ukumbi wa wanafunzi wa programu ya heshima, wale wenye alama za juu, ambao yeye aliwaita wateule. Kila mwaka aliwashonea kitabu cha mafanikio yao, kila mmoja na ukurasa wake. Ilikuwa nakala moja tu, ya kuwekwa mezani siku ya wazazi.

Mwaka ule ulikuwa na neema. Mmoja alishinda mdahalo, akarudi na kikombe kikubwa kuliko kichwa chake. Mwingine makala yake ilichapishwa nchi za nje. Wawili walipanda ndege kwa mara ya kwanza, wakarudi wakiongea kwa pua. Wa kumi na mbili, binti mwembamba wa uhandisi wa majengo, hakwenda popote. Yeye alishuka ngazi, akagonga mlango wa karakana.

"Shikamoo, babu. Naomba unioneshe ukuta wako."

"Marahaba. Ukuta? Hapa watu huja kuona vitabu."

"Nyuma ya rafu, babu. Kuna ufa, nimeuona ukishuka kutoka ukumbini."

Ufa ulikuwepo, mwembamba kama unywele, na mzee alikuwa amezoeana nao kama mpangaji asiye na kelele. Binti aliomba ukanda wa karatasi nyepesi na gundi kidogo. Akaubandika ukavuka ufa, akaandika tarehe.

"Ukuta ukitulia, karatasi itakaa. Ukitembea, itakatika."

"Ukuta utembee uende wapi, mjukuu wangu?"

Binti alicheka.

Karatasi ya kwanza ilikaa miezi mitatu. Ya pili, wiki sita. Ya tatu, siku kumi na moja. Mzee, ambaye miaka yote akiingia asubuhi alianza kupasha gundi, sasa alianza kuchungulia nyuma ya rafu, na ndipo aliposalimia chumba. Wale wateule wengine wakamwita binti Bibi Ziba-Ufa. Walimpita ngazini: "Vipi, leo umeziba ngapi?"

"Mimi sizibi, nahesabu," aliwajibu. "Wa kuziba wako ofisini."

Mwisho wa mwaka aliandika ukurasa wake. Aliweka tarehe na vipimo, na chini kabisa sentensi moja: ukumbi wa juu usijazwe watu mpaka mhandisi aukague.

Mkuu wa programu, ambaye hakuwahi kushuka zile ngazi, alishuka.

"Mzee, ukurasa wa mwisho utoe. Wazazi mia tatu hawaji kusoma habari za nyufa."

"Mheshimiwa, kitabu hiki ni mkunjo mmoja, karatasi zimekunjwa pamoja na kushonwa katikati. Ukurasa wa kwanza na wa mwisho ni karatasi moja, ndugu wa tumbo moja. Ukimkata huyu, mwenzake analegea."

"Na wa kwanza ni upi?"

"Ni salamu zako."

Mkuu alitazama saa. "Utie gundi."

Mzee alikata. Alikata vizuri, mstari umenyooka, na hilo ndilo lililomkosesha raha baadaye. Ule ukurasa hakuutupa. Aliulaza kwenye droo ya sindano.

Binti alipokuja kukiona kitabu, alikifungua nyuma, akakifunga.

"Umekata wewe, babu?"

"Nimeambiwa, mjukuu wangu."

"Haya. Na mimi nimeambiwa ninyamaze." Akabandika ukanda mpya, akaulainisha kwa kidole gumba. "Huu ukikatika, babu, toka. Usibebe hata sindano."

Siku ya wazazi viti viliburutwa juu ya kichwa chake tangu asubuhi. Vumbi likadondokea kwenye sufuria ya gundi. Kisha ikaja miguu, mingi, yenye viatu vya sherehe. Makofi ya kwanza yalipopigwa, karatasi ilitetemeka. Ya pili, ikajikunja ukingoni. Walipomshangilia yule wa mdahalo ikakatika, kwa sauti ndogo kama uzi unaokatwa kwa meno.

Mzee alitoka kama alivyoagizwa, ila si mikono mitupu, wala hakwenda nje. Alivuta droo, akachukua ukurasa, akapanda.

Mkuu alikuwa jukwaani, amekiinua kitabu. Alipokifungua, salamu zake zikachomoka, zikaelea hadi miguuni kwa wazazi wa mbele. Watu wakacheka. Mzee akapita katikati yao na aproni yake, akauweka ukurasa mezani.

"Mwenzake huyu hapa. Karatasi imekatika, mheshimiwa. Watu watoke."

"Mnaona fundi wetu anavyoipenda kazi yake," Mkuu aliwaambia wageni, nao wakapiga makofi tena. "Kaa, mzee wangu, upumzike."

Binti alisimama, akamshika mama yake mkono, akatoka. Mzee akawafuata. Walikuwa watatu kati ya mia tatu. Walisimama uani juani, macho kwenye madirisha ya juu, na hakuna kilichoanguka. Wenzao walipotoka, wameshiba soda na hotuba, mmoja akaita, "Ziba-Ufa! Haya, ukuta umekwenda wapi?"

Kesho yake binti alishuka akabandika ukanda mmoja zaidi. Ulikuwa wa mwisho, maana jina lake halikuonekana tena kwenye orodha ya wateule. Mzee alihamishiwa chumba kizuri, chenye dirisha. Karakana ya zamani ilipakwa rangi nyeupe, ufa, kanda na vyote, ikatiwa kufuli. Ukumbi wa juu ukaongezewa viti mia.

Ufunguo mzee hana. Lakini kila akikutana na fundi rangi, au mlinzi, au Mkuu mwenyewe kwenye korido, husalimu kwanza, akawaulizia watoto, kisha akauliza lile lile:

"Ile karatasi ya mwisho, mliipaka rangi ikiwa nzima, au ilikuwa imeshakatika?"